Mfaransa wa Mama

Mama yangu kila akienda Arusha analalamika njia nzima, lakini Paris alikuwa na mtu wake. Mcheza tenisi, Mfaransa. Alimwona mara ya kwanza kwenye runinga yetu hapa Tlawi, akiteleza kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Yule dada akainuka, akagonga soli za viatu kwa raketi, udongo ukadondoka. "Ehee!" mama akasema. "Huyu amelima huyu." Tangu siku hiyo akawa binti yake, na sisi aliotuzaa tukawa watoto wa kambo.

Alimfuatilia miaka yote. Mfaransa alipowafunga wenye majina, nyumbani tulikula kuku. Alipoumia goti na kupasuliwa, tuliombewa naye mezani kabla ya chakula, yeye akiwa wa kwanza. Akarudi, akaanza kufungwa na mabinti wadogo. Kufungwa mama alivumilia. Kilichomuudhi ni wale watoto kufika wavuni, kumpa mkono mkubwa wao na kuondoka bila shikamoo. Nikamwambia Ulaya hawana shikamoo. "Ndiyo maana wanaumia magoti," akasema.

Sasa hilo goti. Mama naye alikuwa nalo, la kushoto, na shamba letu la vitunguu saumu liko kwenye mteremko mkali. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kulima pale ataishia kutambaa. Mimi nilimsihi, nikafoka. Dada yangu aliyeolewa Basotu alikuja akalia kabisa. Weee!

"Mwenzangu ana goti kama hili na bado anakimbia," mama alituambia. "Siku atakayoacha yeye, nami naweka jembe chini."

Basi tukawa familia pekee Mbulu nzima inayomwombea Mfaransa afungwe. Dada alikuwa akipiga simu, ng'ombe wanalia nyuma yake, salamu hamna.

"Amefungwa?"

"Ameshinda."

"Aa! Mwanamke gani huyu asiyechoka?"

Mama akitokea, nakata simu na kupiga makofi. Nilimchukia kweli yule mtu, naye hata hajui kama Tlawi ipo.

Mwishowe akatangaza kwamba mashindano ya nyumbani kwao ndiyo ya mwisho. Nikamtania mama: mbona asiachie hukohuko ugenini alikokuwa akifungwa?

"Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," akanijibu, macho kwenye runinga.

Siku ya mechi dada alikuja na perege wa kukaanga. Seti ya kwanza Mfaransa akachukua, dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Ya pili akapoteza, nikamkanyaga yeye. Ya tatu yule binti wa upande wa pili alimkimbiza kushoto na kulia mpaka nikashindwa kutazama. Mpira wa mwisho wa Mfaransa ulinasa wavuni. Akachuchumaa, akaugusa udongo kwa kiganja, na uwanja mzima ukasimama. Yule binti akaja wavuni, akamwinamishia kichwa.

"Afadhali," mama akasema taratibu. "Huyu amelelewa."

Asubuhi nilimkuta uani. Alikuwa ameliosha jembe, amekwangua udongo wote, anaufuta mpini kwa kitambaa. Lile jembe sikuwahi kuliona safi maishani mwangu. Miaka yote nilikuwa nimeisubiri siku hiyo, na ilipofika, machozi haya hapa.

"Mama," nikasema, "labda uwe unalima kidogo tu, asubuhi, kabla ya jua..."

"Thubutu! Unafikiri jana sikuona mnavyokanyagana miguu?"

Akaniwekea jembe mkononi. Akabeba kigoda chake, akachechemea hadi ukingoni mwa shamba, akaketi na kulinyoosha lile goti.

"Mlitaka tufungwe, tumefungwa," akasema. "Haya, lima nikuone."