Safari ya Kalambo Kupitia Mlango wa Kanisa

Mama yangu alizaliwa Ufipa, akaolewa Ufipa, akatuzaa wote Ufipa, na mpaka juzijuzi hapa alikuwa hajawahi kuyaona maporomoko ya Kalambo. Wageni wanatoka makwao huko mbali na mabegi mgongoni kuja kuyaangalia. Sisi tulio mwendo wa asubuhi moja kwa gari tunayajua kwenye kalenda za ukutani. Mimi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa nimefika mara moja tu, na wanafunzi, na siku ile nilitazama zaidi vichwa vya watoto kuliko maji.

Kilichotuamsha ni daktari wa macho. Alisema mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa linafunga kuanzia pembeni, polepole. Dawa ya matone ingechelewesha, lakini kilichokwisha kuondoka hakirudi. Tulitoka tukakaa kwenye benchi nje. Mimi nilikuwa natafuta neno la kumfariji, yeye akanitangulia.

"Basi nipeleke nikaone maji."

"Maji gani, mama?"

"Ziwa, halafu Kalambo. Sura zenu nimeshazikariri."

Mwezi huohuo tukaenda Kirando kwa kigari changu ambacho mafundi wote wa Sumbawanga wanakijua kwa sauti. Tulipita Namanyere, tukateremka mlima, joto likatupokea, tukavua masweta tuliyovaa kwa baridi ya Milanzi, mtaa wetu wa Sumbawanga. Pwani ya ziwa dagaa walikuwa wameanikwa kwenye mchanga, na kina mama wanawageuza huku wanataniana. Mama alisimama karibu na maji akawa anageuza kichwa huku na huku, kama kuku anayetafuta punje.

"Ni kubwa?" akaniuliza.

"Kubwa, mama. Ng'ambo ndiyo Kongo."

"Mimi napata kipande tu. Nikishika huku, kule kunapotea." Kisha akacheka na kwenda kupatana bei ya dagaa.

Mimi sikucheka. Niliumia sana, na niliumia zaidi kwa sababu nilikuwa na gari miaka yote ile ambayo macho yake yalikuwa mazima. Tulirudi na dagaa ndoo nzima, na gari likanuka ziwa kwa wiki mbili.

Ikabaki Kalambo. Sasa, njia ya Kalambo inapita Matai, na Matai ndiko waliko ndugu wa mama. Asiyetujua Wafipa atasema hilo si tatizo. Kwetu huwezi kupita mlangoni kwa ndugu bila kumsalimia, na kusalimia si kupunga mkono dirishani. Unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe na za wagonjwa, nawe unauliza hizohizo upya. Ukimaliza, kuku ameshakamatwa.

Jumamosi ile tulitoka saa moja asubuhi. Mama alikuwa na kilo ya sukari mapajani.

"Tumwachie mdogo wangu tu, hata sikai," alisema.

Kwa mama mdogo tulikula ugali wa ulezi na kuku. Tukiwa tunanawa mikono, mama akakumbuka kwamba binamu yake, mzee mmoja fundi baiskeli, anakaa nyumba ya nne kutoka pale, na gari letu alishaliona. Kwa fundi baiskeli tukala maharage. Mke wake akasema shangazi wa mama anaumwa mgongo, na je, atajisikiaje akisikia tulifika mpaka hapa? Kwa shangazi tukala tena. Ilipofika saa kumi alasiri bado tulikuwa Matai, tumbo limenikaza kama ngoma, na kwenye buti kuna debe la maharage na kuku wawili waliofungwa miguu. Kwa saa hiyo, Kalambo haikuwezekana tena.

Niligeuza gari kwa hasira. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na mpaka tunakaribia mjini nilikuwa sijasema neno.

"Maji hayajahama," mama akasema.

"Na jicho?"

Neno likishatoka halirudi. Kuku mmoja akalia kule nyuma. Nilitamani mama aniseme kama anavyonisema siku zote, lakini alitazama tu mbele, kwenye kile kipande cha barabara alichokuwa nacho.

Usiku nilimwomba msamaha, akasema nilale. Mimi badala ya kulala nikapanga mbinu. Tungekwenda Jumapili. Tungesali misa ya kwanza hapa mjini, halafu tuondoke, tupite Matai ndugu wote wakiwa kanisani, milango imefungwa. Hakuna wa kutuona, hakuna wa kuchinja. Nilimweleza mama nikitarajia upinzani, naye akasema, "Sawa, mwanangu." Alikubali upesi mno. Ningeshtuka, lakini mwenye kujiona mjanja hashtuki.

Jumapili hiyo mambo yalikwenda vizuri mpaka nikawa napiga mluzi. Tuliingia Matai, njia nyeupe, hakuna hata mtoto. Tulipofika usawa wa kanisa, mama akanigusa bega.

"Simama hapo."

"Si tumeshasali?"

"Nani kakuambia nataka kusali?"

Akashuka, akatengeneza kitenge, akaenda kusimama nje ya mlango wa kanisa. Ndani walikuwa wanaimba wimbo wa mwisho. Mlango ulipofunguliwa wakaanza kutoka, na mama akawapokea mmoja mmoja: shangazi na mgongo wake, mama mdogo, fundi baiskeli na mkewe, na wengine ambao sikujua hata kama ni ndugu zetu. Alichuchumaa, akapiga makofi, akauliza wagonjwa, akajibu. Nami nikafuata nyuma na shikamoo zangu. Nusu saa, ukoo mzima umesalimiwa. Walipoanza "twende nyumbani sasa", mama alikuwa na jibu.

"Leo hakuna aliyepika, wote mko hapa. Tunakwenda kuangalia maji. Anayetaka kunikirimu apande gari."

Nilimtazama mama yangu kama namwona mara ya kwanza. Mbinu yangu ilikuwa ya kuwakwepa ndugu zake. Ya kwake iliwakusanya, na hakuna aliyenuna. Wakapanda wawili, mama mdogo na fundi baiskeli. Wote wawili walikuwa hawajawahi kufika, na wanakaa karibu kuliko sisi.

Njiani fundi baiskeli alilisikiliza gari langu akalikadiria miaka miwili ya kuishi. Tulipofika Kalambo, pale juu mhudumu, kijana mpole, akatusalimia na kutuongoza kwenye ngazi. Zinateremka sana. Nilimshika mama mkono, naye akawa anatanguliza mguu, anapapasa, anashuka. Maji tulianza kuyasikia kabla ya kuyaona. Mvua zilikuwa zimeisha karibuni, mto umeshiba.

Tulipofika mahali pa kutazamia, mama mdogo alichungulia bonde mara moja, akarudi nyuma, akakumbatia mti na kufumba macho. "Siwezi," akasema. "Nitaanguka."

Mama akasogea kwenye kizuizi, nimemshika kitenge kwa nyuma. Akaanza kugeuza kichwa, huku na huku, kama kule Kirando. Nikajiambia kwamba nimemleta tena kuona kipande.

Halafu kichwa kikatulia.

"Unaona, mama?"

"Subiri."

Kalambo si pana. Ni maji membamba yanayoanguka mara moja, marefu, kutoka ukingoni mpaka chini kabisa, na kuta za mawe kila upande. Mama aliinua uso taratibu, akaushusha taratibu, akauinua tena, kama mtu anayepima kitambaa.

"Yameingia yote," akasema. "Huku hakukupotea kitu, wala huku."

Nililia, na sikuona haya mbele ya mhudumu wala fundi baiskeli. Fundi naye alikuwa amevua kofia.

Nyuma yetu mama mdogo, mwenye macho mawili mazima, alikuwa bado ameushikilia mti wake.

"Dada, yakoje?" akauliza.

Mama hakugeuka.

"Wewe fumba tu," akamwambia. "Ngoja nikuonyeshe." Akaanza kumsimulia kuanzia juu, polepole, hakuruka hata jiwe.