Barabara Ilipofungwa, Baba Alikaa Nyumbani

Habari ilinikuta mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, maana ndivyo ninavyoishi siku hizi: muzee aliyekuwa akituletea viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, amefariki kwa maradhi. Nilimfahamu miaka mingi. Alitoka watoto wamelala, akarudi wamelala, na Jumapili alilala yeye.

Kisha, miaka ile ya nyuma, vita vikafika Kibumba, akakimbilia Goma na familia yake, wakabanana katika chumba kimoja mtaa wa Ndosho. Barabara ikafungwa. Nilimkuta amekaa mlangoni, mara ainuke, mara aketi, utadhani amekalia siafu. "Batoto bananiangaliaka kama mugeni," aliniambia. "Ule mudogo aliniuliza nitarudia kwangu siku gani." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wiki zikawa miezi, wakazoeana. Huyo mdogo, binti wa miaka saba, akawa anaenda naye kuchota maji na kumenya naye viazi. Barabara ilipofunguliwa, muzee aliamka asubuhi asione breki yake, kile kipande cha tairi anachokanyaga ili chukudu kipunguze mwendo kwenye mteremko. Alipekua hadi ndani ya sufuria. Binti alikuwa amekikalia. "Papa, bila hii hautaenda," alisema. Muzee alibaki siku ile moja. Kesho yake akaenda, kwa sababu watoto wale wale walitaka kula, na mimi sina ubavu wa kumlaumu. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Nadhani hawakuwahi kuwa na mtoto aliyekalia breki yao.

Juzi nilikwenda kwenye kilio. Binti sasa ni mama mzima. Nilimwuliza anamkumbuka baba yake kwa lipi. "Ile miezi ya vita," alijibu bila kusita. "Ndiyo tuliishi na papa." Vita vile viliwanyang'anya nyumba, shamba na mbuzi wote, naye anavikumbuka kwa hamu! Nilirudi kwangu Keshero nimevurugika, na mpaka sasa sijatulia.

Maana barabara yangu haijafungwa na mtu, na bado nyumbani kwangu kuna mtoto anayeijua zaidi saa yangu ya kutoka kuliko anavyoijua sauti yangu. Leo tena niko mlangoni, kiatu kimoja mguuni, na ofisini wananingoja. Wangoje. Nimevua kile kiatu kimoja. Ndugu zangu, tukae na watoto wetu barabara ingali wazi, wasije wakalazimika kuvishukuru vita.