Faili ya Mikayi

Kompyuta yangu iliwahi kuikana hisabati mbele ya walimu wakuu wa Homa Bay, na mimi ndiye mwalimu wa hisabati. Kosa halikuwa lake. Naeleza mwenyewe kwa sababu mwenzangu wa kemia, aliyekuwapo tangu mwanzo, bado anakisimulia kisa hiki vibaya.

Nilikuwa nafundisha shule ya wasichana huko Uriri, na kila muhula mwalimu mkuu wetu alinitupia kazi ya kupanga ratiba ya vipindi. Kazi hiyo haina shukrani. Ukimridhisha mwalimu wa Kiingereza, wa dini anakosa darasa. Ukimridhisha wa dini, wa kilimo hakusalimii wiki nzima. Nilichoka kuchukiwa, nikaandika programu ichukiwe badala yangu.

Niliiandika kwa Lisp, lugha ya kompyuta yenye mabano mengi kuliko maneno, ambayo nilijifunza mwenyewe kwa ukaidi tu. Raha yake ni kwamba unaweza kuitungia maneno mapya. Mimi nilitunga neno "somo" na mengine machache, nikayaweka katika faili moja. Faili ya pili ilikuwa orodha ya masomo yetu yote, imeandikwa kwa maneno hayo. Ya tatu ilichukua orodha na kupanga ratiba. Ya kwanza lazima isomwe kwanza, maana kompyuta ikikutana na neno ambalo haijafundishwa, inakutolea macho.

Nilizipa faili majina ya nyumbani. Marehemu baba, kwetu karibu na Kisegi, alioa wake watatu. Kwa Waluo mke wa kwanza ni mikayi, wa pili nyachira, wa tatu reru, na mambo ya boma hufuata mpangilio huo. Msimu wa kupanda ukifika, hakuna mke anayetia mbegu ardhini kabla ya mikayi. Mama yangu ni reru. Nimekua nikimwona amesimama mlangoni na beseni la mahindi, mvua nzuri inapita, akingoja mikayi apone mafua. Basi faili ya maneno ikawa mikayi, ya masomo ikawa nyachira, ya ratiba ikawa reru.

Nilipofika kwenye kuzipakia, uvivu ukanishika. Niliiambia kompyuta isome kila faili iliyo kwenye folda kwa kufuata alfabeti. M, N, R. Wake za baba walijipanga wenyewe bila kusukumwa, nami nikajiona nina akili sana.

Mwenzangu wa kemia ni Mkuria wa upande wa mpakani, na ndiye aliyenisaidia kuingiza majina ya walimu. Majina ya faili yalimkera.

"Madam, hii majina ni ya boma yenu," aliniambia. "Mimi nitajuaje nani anafanya kazi gani? Siku moja utaniambia reru amekosana na nyachira."

Alikuwa na haki. Tukabadilisha: mikayi ikaitwa msingi, nyachira ikaitwa masomo, reru ikaitwa ratiba. Nikajaribu, ikaenda. Muhula mzima ikaenda.

Wakati huo macho ya mama yalikuwa yanafifia. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba yake, na jirani alinipigia simu kuniambia kwamba mama amempokea mhubiri kwa kumkumbatia na kumwita kwa jina langu. Mhubiri ana ndevu. Nilicheka, kisha nikakata simu nikalia. Nilitaka uhamisho, nifundishe karibu naye, na barua zangu mbili za kuomba zilikuwa zimepotelea huko zinakopoteleaga.

Ndipo mwalimu mkuu mmoja wa shule iliyo jirani na kwetu akasikia habari za ratiba. Shule yake ilikuwa na upungufu wa mwalimu wa hisabati na ziada ya ugomvi wa vipindi. Alinialika kwenye mkutano wao Homa Bay, akasema nikiwaonyesha kitu kinachofanya kazi, ataniombea yeye mwenyewe. Mwalimu mkuu wangu akaja pia, kunisindikiza, alisema.

Laptopu iliishiwa chaji njiani. Sikujali. Pale ukumbini nikaichomeka kwenye umeme, nikaunganisha projekta, nikaiamuru ipakie. Ukuta mzima ukaandika, kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa, kwamba kitu kiitwacho HISABATI hakijulikani.

"Hata hii iko kama kidato cha tatu yangu," mwalimu mmoja mkuu akasema nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Mwenyeji wangu akatangaza chai mapema, kwa huruma, na hiyo huruma iliniuma kuliko kicheko.

Walipokuwa wakinywa chai mimi niliangalia folda. Masomo, msingi, ratiba. Ma kabla ya ms. Kwa kubadilisha majina tulikuwa tumemfanya nyachira apande kabla ya mikayi, na kompyuta ilikuwa imekutana na "somo hisabati" kabla hata ya kufundishwa somo ni nini, ikakwama kwenye hisabati. Mbona basi ilifanya kazi muhula mzima? Kwa sababu Lisp hukumbuka kila ulichoiambia mpaka uizime, na mimi sikuwa naizima. Nilikuwa nafunika kifuniko tu. Maneno iliyofundishwa enzi za mikayi yalibaki kichwani mwake, nami nikadhani yanatoka kwenye faili, mpaka chaji ilipoisha njiani ikayasahau yote. Niliandika faili ya nne, fupi, inayosema wazi kwamba masomo inategemea msingi, na ratiba inategemea zote mbili. Kufikia kikombe cha pili ratiba ilikuwa ukutani, na yule wa kidato cha tatu alikuwa ananiomba nakala.

Mwenyeji wangu aliandika barua wiki hiyohiyo. Mwalimu mkuu wangu akakataa kuitia sahihi. Alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe kwamba kitu kikikwama ni mimi tu ninayeweza kukikwamua.

"Nikuachilie, halafu?" aliniuliza. "Kikigoma, nikupigie simu Kisegi?"

Nilikasirika. Kisha nikamchukua mwenzangu wa kemia, nikampa faili zangu na kompyuta ya maabara ambayo haijawahi kuniona, nikamwambia apakie mwenyewe. Ikagoma. Kumbe kulikuwa na kipande kimoja nilichoiambia laptopu yangu kwa kuandika papo hapo, katika haraka ya ile chai ya Homa Bay, bila kukihifadhi katika faili yoyote. Nikakihifadhi. Tukazima, tukawasha, ikagoma tena, kipande kingine. Wiki mbili nilikuwa najitafuta humo ndani na kujitoa, kimoja kimoja, na kila nilichokitoa niliona aibu kwamba nilikuwa nimekibeba kichwani kama siri.

Siku ya mwisho tulimwita mwalimu mkuu. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, simu nimeizima, kama tulivyokubaliana. Niliwasikia wakiwasha. Nikajikuta naomba Mungu ifanye kazi, na pembeni kidogo, katika kona ambayo siipendi, naomba igome, waniite.

Printa ikaanza kulia. Mwalimu mkuu akatoka na ratiba ya muhula mkononi, ameikagua juu mpaka chini, akakaa karibu nami kwenye benchi na kuomba ile barua na kalamu.

"Kumbe hata bila wewe inaenda," alisema, akatia sahihi.