Rafiki wa Dirishani

Siku Noella alipopanda bato, meli ya ziwani, pale Kalundu, bandari ya Uvira, na mfuko wa ndagala, wale dagaa wakavu, huku magoti yakimlilia kwenye kila kipande cha ngazi, wapagazi walimcheka waziwazi. Siwalaumu. Mama mwenye wajukuu na kibanda chake cha samaki bandarini, mama ambaye macho yameanza kumwonyesha ukungu hata mchana, anatafuta nini tena kwenye treni ya huko Kalemie?

Binti yake Olive, aliyekuja kumsindikiza, hakucheka. Alikuwa amekasirika.

"Maman, weye unaenda kutafuta muntu hata jina ya baba yake hujui?"

"Jina yake ni Fabiola."

"Fabiola wa nani?"

"Wa Kasongwe."

"Na Kasongwe iko wapi?"

"Iko pale treni inasimama," Noella akajibu, akakaa juu ya mfuko wake kama mtu aliyemaliza mashauri.

Olive alikuwa na haki, tusidanganyane. Lakini Noella alijua jambo ambalo hakumwambia mtoto: daktari alikuwa amemwambia kwamba ukungu ule wa machoni hautarudi nyuma. Alitaka kumwona Fabiola wakati bado kuna cha kuona nacho. Hakuna kingine alichokuwa akikitaka.

Zamani, kabla ya vita kukata njia, Noella alikuwa mama wa ndagala. Bato lilimshusha Kalemie, halafu treni ikampeleka Nyunzu, Kabalo, ikageuka kaskazini mpaka Kongolo, kisha ikaingia ndani ya pori kuelekea Kindu. Pori la kweli, ee, si haya majani ya bondeni tunayoyaita pori sisi watu wa Uvira. Miti ilikuwa inapapasa mabehewa, nyani wamekaa kando ya reli wakikuangalia kana kwamba weye ndiye umekuja kuwasumbua. Treni ikiharibika, na iliharibika jamani, abiria walishuka wakafanya kijiji. Kina mama walikoka moto mmoja, wanaume wakaenda kuvua kambale mtoni, wengine wakarudi na uyoga wamefungia ndani ya mashati. Jioni Wakatoliki waliimba upande huu, Waprotestanti upande ule, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake sauti. Noella alizipenda zile siku kuliko arusi yake mwenyewe, na marehemu bwana yake alilijua hilo, Mungu amrehemu.

Kasongwe palikuwa kituo kidogo katikati ya pori hilo. Treni ilisimama kidogo tu, muda wa kumenya ndizi. Hakuna mama mwenye mizigo aliyethubutu kushuka, maana ukishuka, nafasi yako inakaliwa na ndagala zako zinapata mwenyewe mwingine. Biashara yote ilipitia dirishani. Huko chini alikuwa anasimama Fabiola na mawese na asali yake, huko juu Noella na ndagala zake. Wakabadilishana, wakazoeana, wakapendana. Habari waliyoianza treni ikienda, waliimalizia treni ikirudi. Fabiola anasema, "Unajua yule bwana wa dada yangu..." na treni inaondoka! Noella anakwenda mpaka Kindu akijiuliza yule bwana amefanya nini.

Mara moja Fabiola alimpandishia mtoto wake mchanga dirishani ili amwone. Noella akambeba, akambusu, akaanza kumtafutia meno ambayo hayajaota. Treni ikatikisika. Wee! Fabiola alikimbia kando ya behewa huku akipiga makelele, Noella amening'inia nje mpaka kiunoni, kina mama wamemshika sketi, mpaka mtoto akarudi mikononi mwa mama yake. Baadaye walicheka juu ya jambo hilo miaka na miaka. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Halafu vita vikaja, na treni ikanyamaza. Noella alilea watoto, akamzika bwana, akauza samaki Kalundu. Kila alipoonja mawese ya soko alisema hayana harufu, na watu wa nyumbani walishajua anamkumbuka nani.

Sasa treni imeanza tena kupita, mara mojamoja, siku inayotaka yenyewe. Ndiyo hiyo Noella aliyoipanda bato lilipomshusha Kalemie. Na mbele kidogo ya Kongolo, ndani ya pori lilelile, gurudumu likatoka relini.

Watu walishuka, moto ukawashwa, na Noella akafurahi kama mtoto. Lakini alipowauliza wanawake wa shamba waliopita na kuni, walimwambia Kasongwe iko mbele, ng'ambo ya daraja. Fabiola wa mawese? Mmoja alisema yuko. Mwingine akasema hapana, aliyekufa ndiye huyo. Wakaanza kubishana, wakaondoka wakibishana.

Moyo wa Noella haukukaa tena. Alimfuata Fiston, kijana anayeangalia tiketi, akamwambia anatangulia kwa mguu.

"Mama, treni ikipona haitakungojea," Fiston akasema.

"Itanikuta mbele. Niangalilie mizigo yangu."

Alitoa kipimo cha ndagala, akakifunga ndani ya kitenge, akaenda. Kutembea juu ya reli ni kazi ya vijana: vile vyuma vilivyolazwa chini ya reli viko mbali kimoja na kingine, kokoto zinakukimbia chini ya mguu. Kufika darajani aliona maji yanapita katikati ya mbao. Aliketi chini, mama mzima, akalivuka kwa makalio, akijisukuma polepole na kumwomba Bikira Maria asiangalie. Upande wa pili nyani wakubwa walikuwa wamekalia reli. Noella aliwatukana kwa Kifuliiru, Kifaransa na Kiswahili, na sijui ni kipi kilichowaingia, lakini wakamwachia njia.

Kituo cha Kasongwe kilikuwa kimepoteza paa. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya udongo, na uani mwanamke mzee, mrefu kama mlingoti, alikuwa anachambua ngazi, yale matunda ya michikichi ya kukamulia mawese. Noella hakumtambua. Fabiola wake alikuwa mfupi.

"Mama, jambo. Natafuta Fabiola wa mawese."

"Ni minye. Weye ni nani?"

Noella akajipiga kifua. "Ni minye Noella! Noella wa ndagala, wa Kalundu!"

Mwanamke alimwangalia toka kichwani mpaka miguuni, na hapakuwa mbali. "Uongo. Noella alikuwa muntu murefu. Nilikuwa namuangalia juu mpaka shingo inauma. Nani alikutuma kunichezea na jina ya mufu?"

Hapo ndipo Noella alipoelewa. Miaka yote ile hawakuwahi kusimama kwenye udongo mmoja. Alitaka kucheka na kulia, lakini hakupoteza wakati. Aliingia ndani ya nyumba bila ruhusa, akapindua kinu chini ya dirisha, akapanda, magoti yakipiga kelele, akatoa kichwa na mabega nje. Akanyoosha mkono wenye ndagala.

"Sasa niangalie, weye mubishi!"

Fabiola aliacha ngazi zikaanguka. Alikuja taratibu mpaka chini ya dirisha, akainua uso.

"Yesu," akasema. "Yesu wangu. Noella."

Walilia vizuri, kwa sauti, bila aibu. Kisha Noella akashushwa kutoka kwenye kinu, wakasimama bega kwa kifua, wakacheka mpaka wakashikana wasianguke. Yule mtoto wa dirishani, Fabiola alisema, ni baba wa watoto sasa, anakaa Kindu.

Walikuwa bado hawajaketi treni ilipopiga honi. Ilikuja, ikasimama, na Fiston akaning'inia mlangoni. "Mama! Leta mukono! Haraka!"

Noella alisogea hatua, kwa mazoea tu. Fabiola hakumshika. Alirudi nyuma kidogo, akaweka mikono kifuani, kama mtu anayejua kazi yake ya kubaki.

"Nishushie mizigo," Noella akamwambia Fiston. "Na binti yangu Olive akituma kuniuliza, mwambie niko pale treni inasimama."

Mifuko ikaanguka, treni ikatikisika, ikaondoka. Noella hakuwahi kuiona ikienda, yeye siku zote alikuwa ndani. Aliiona ikiwa ndogo, ikaingia kwenye miti, ikaacha reli tupu na kimya kizito, hata ndege hawakuita.

"Kila mara ilikuwa hivi?" akauliza.

"Kila mara," Fabiola akasema.

Noella akamshika mkono, na hawakuondoka pale upesi.