Nywele Nilizomnyima Bibi

Enzi zetu msichana wa shule alitambulika kwa kichwa chake. Wenzangu mliosoma miaka ile mnakumbuka: Jumatatu asubuhi, mstarini, mwalimu wa zamu anapita na rula mkononi, anaichomeka kwenye nywele kama fundi anayepima ubao. Zikizidi kipimo alichojiwekea mwenyewe, unakatwa njia moja katikati ya kichwa, halafu unaambiwa ukamalizie nyumbani. Mimi nilizaliwa na kukulia Rusimbi, mtaa wa mjini kando ya ziwa, na mpaka namaliza kidato cha nne sikuwahi kujua nywele zangu zinaweza kufika wapi. Nilijua tu kwamba ni kipilipili, maana kaka zangu walinikumbusha kila walipopata nafasi.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho ulipokwisha, wenzetu wavulana walisubiri matokeo, sisi tukasubiri nywele. Mabinti wa siku hizi hawawezi kuelewa jambo hili, kwa kuwa wao nywele wanazikuta zimetundikwa dukani, wanachagua rangi. Sisi tulijipapasa utosini kila asubuhi kuona kama kuna kilichoongezeka. Zilipofika urefu wa kushikika na kitana, rafiki yangu Zawadi, mtoto wa jirani zetu wenye asili ya Kongo, akaja na kopo la dawa ya kulainisha ambalo mjomba wake alivuka nalo ziwa. Tukajifungia uani kwao.

Kila kosa linalowezekana tulilifanya. Nilikuwa nimejikuna kichwa kizima siku moja kabla. Hatukupaka mafuta ya mgando kwenye ngozi, kwa sababu tuliona ni uchafu tu. Na dawa ilipoanza kuchoma, Zawadi akanituliza kwamba ikiwasha ndiyo inashika, nikavumilia mpaka machozi yakatoka. Tulipotaka kuosha tukakuta pipa lina maji ya kujaza jagi moja, na bomba lilikuwa halijatoa maji tangu juzi. Zawadi akazunguka kwa majirani na ndoo, mimi nimeinama uani naungua.

Wiki ya kwanza zililala, laini kama za kwenye picha. Wiki ya pili zikaanza kubaki kwenye kitana. Ya tatu, nyuma ya masikio na kisogoni palikuwa na mabaka. Mama alinitazama akasema mwenye kutaka chote hukosa chote, akaendelea kuchambua dagaa wake wa kuuza.

Bibi mzaa mama alikuwa kwetu wakati huo. Alishuka kutoka kijijini kwake Kalinzi, kule milimani, kuja kutibiwa mguu, na mguu ukawa haumruhusu kupanda tena. Alikaa siku nzima kwenye mkeka barazani, akiwaamkia wapita njia kwa Kiha na kuwajibu kwa Kiswahili, au kinyume chake. Siku ile Mama aliposema hivyo, Bibi aliniita, akanivua kitambaa bila kuniomba ruhusa, akazipitisha nywele kati ya vidole vyake kwa muda mrefu.

"Hizi hazijafa, zimechoka tu," akasema. "Tutakwenda buhoro buhoro, mwana wanje. Pole pole."

Kesho yake, Jumamosi, akaanza. Kwanza alikata ncha zote zilizoungua, nami nikalia kama niliyekatwa sikio. Halafu akatoa amri zake, ambazo alizirudia kila Jumamosi kana kwamba sijawahi kuzisikia. Kitana kisiguse nywele kavu. Uchanue kuanzia nchani, upande kuelekea kwenye shina, wala usiburute kama unayelima. Sabuni ya kufulia ni ya nguo. Usiku kichwa kifungwe kitambaa laini, mto wa pamba unakunywa mafuta yote. Na usijipime, akasema, mtoto anayepimwa kila siku haonekani kukua.

Kila wiki aliniosha kwa maji ya uvuguvugu, akanipondea parachichi lililoiva kupita kiasi na kulipaka kichwani. Parachichi hilo lilizua ugomvi, kwa kuwa Mama hakuona ni kwa nini chakula kitoke kwenye sahani kikapande kichwani, na kaka yangu mdogo aliahidi kunilamba. Baada ya parachichi yalikuja mafuta ya mise, yale meusi yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi. Mnayajua. Harufu yake haifichiki. Nikipita barabarani mtu anageuka kutafuta ni nani anakaanga nini. Bibi aliyapaka kwenye ngozi kwa ncha ya kidole, fungu kwa fungu, kisha akazungushia nywele uzi mweusi, mkunjo mmoja mmoja, ili zinyooke bila moto. Nikabaki na pembe ishirini kichwani wiki nzima.

Dawa yenyewe hakunikataza. Aliiona ni mambo ya watoto wa mjini, kama vile kutafuna bazoka. Ila alisema kichwa kipumzike miezi minne, na ilipotimia akanipeleka mwenyewe, kwa mguu ule ule mbovu, kwa mama mmoja msusi wa Ujiji. Akaketi pale kwenye kiti, mkongojo magotini, kuhakikisha ngozi imepakwa mafuta kwanza na dawa haigusi popote isipokuwa kwenye mashina mapya. Msusi alitoka jasho siku hiyo kuliko mimi.

Kazi ile ya Jumamosi ilichukua kutwa, na kutwa nzima Bibi alizungumza. Alisimulia jinsi walivyobeba kahawa kichwani kushuka milimani akiwa mdogo kuliko mimi, habari za mchumba aliyemkataa kwa sababu ya meno, na jinsi Mama alivyokuwa mtoto mkaidi. Naandika mambo matatu kwa sababu ndiyo ninayoyakumbuka. Yalikuwa mengi, ila mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikiwaza urefu. Hilo linaniuma hadi leo.

Ulipofika mwezi wa sita nywele zilifungika kibutu kimoja nyuma, kizito, na matokeo yalikuwa yametoka: nimechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, Tabora. Zawadi alikwishaniambia kwamba kidato cha tano ni watu wazima, hawanyolewi. Nikajiona nashuka kwenye treni na kibutu changu.

Mwezi huo huo Bibi alifariki, asubuhi, kabla ya chai. Tukampandisha Kalinzi.

Katika ukoo wetu msiba wa mkubwa hufungwa kwa kunyoa. Siku ya nne watoto na wajukuu wa marehemu waliitwa nyuma ya nyumba. Mkeka ulitandikwa, beseni la maji pembeni, na Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, ameshika wembe. Mama alikuwa wa kwanza. Kisha wajomba, kaka zangu, binamu, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyenyolewa alibaki pale pale mkekani, kichwa cheupe, akitazama wengine. Walikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikabaki nimesimama.

"Kaa, mwanangu," Mama Mkubwa akasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu jana yake. "Bibi ndiye aliyezikuza hizi. Nikizinyoa kazi yake yote itakuwa ya bure."

Yalikuwa maneno mazuri, na hayakuwa ya kweli. Nilichokuwa nawaza ni treni. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba nywele huota. Kaka zangu wakaangalia chini. Mama Mkubwa akafuta wembe kwa kitambaa, taratibu, hana hasira.

"Mama yangu hakuwa na shida na nywele zako," akasema. "Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye. Haya, muacheni, hanyolewi mtu kwa nguvu."

Wakakunja mkeka, na hakuna aliyenitenga wala kunisema. Chakula nilipewa kama wote. Kwenye ibada ya mwisho tulikaa benchi moja, nami nilikuwa natambulika toka mbali.

Tabora nilifika Jumatatu. Zawadi alikuwa amekosea. Langoni palikuwa na meza, na mezani mwalimu wa zamu mwenye mkasi, na kando yake msichana wa kidato cha sita mwenye ufagio. Mwalimu hakunigombeza. Aliuliza jina langu, akalitia vema kwenye orodha, akakishika kibutu na kukikata kwa mara moja, kisha akanielekeza kwa wenye nyembe. Muda wote haukufika dakika kumi. Nywele za Jumamosi zote zile zilifagiliwa pamoja na za wenzangu, zikatupwa shimoni nyuma ya jiko. Nilichomnyima Bibi nilimpa mtu asiyenijua, tena hata hakukihitaji. Nililia sana, na wenzangu wakanibembeleza kwamba zitaota.

Niliporudi likizo ya Desemba, Mama alinitazama kichwani. "Kumbe zinanyoleka," akasema, akanipakulia ugali. Hakulitaja tena maishani mwake.

Mwaka jana naye alifariki. Tukampandisha Kalinzi kama alivyotaka, alale karibu na mama yake. Msiba wa siku hizi mnaujua. Kulikuwa na kamati, kundi la simu la watu mia moja, maturubai, na vitenge vya sare vilivyoshonwa siku mbili. Wapwa zangu walikuja na mawigi yaliyochaguliwa yafanane na kitenge. Binti yangu wa miaka kumi na sita alikuja na begi la chupa zake saba, maana yeye nywele zake za dawa zina ratiba: siku ya kuosha, siku ya protini, siku ya kulainisha, yote ameyajifunza kwenye simu. Kanieleza kwa subira, kama anavyomweleza mtu mgeni, kwamba kuna mafuta ya ajabu ya kokwa za mchikichi. Ameyaagiza Dar es Salaam, kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Anajipaka peke yake, mlango wa bafu umefungwa. Nywele zake ni nzuri kweli, siwezi kusema uongo.

Siku ya nne nilingoja mtu aite. Hakuita mtu. Nikamuuliza mdogo wangu kuhusu kunyoa, akasema Mama Mkubwa na wenzake waliokuwa wanajua utaratibu wamekwisha wote, na vijana wana kazi za ofisini, watu watawashangaa. Akanishauri niache tu, Mungu huangalia moyo.

Nikachukua pikipiki nikashuka hadi mji mdogo wa Mwandiga, nikaingia kwa kinyozi wa kwanza niliyemwona barabarani. Kijana mwenye adabu. Akanisalimia shikamoo, akanifunga shuka shingoni, akaniuliza nataka mtindo gani. Nikamwambia anyoe zote. Akazishika, akasema, "Mama, hizi zimetunzwa, una hakika?" Nikasema ninayo. Akawasha mashine, akamaliza kabla wimbo wa redioni haujaisha, akanipangusa shingo na kumwita anayefuata.

Zamani watu wa ukoo wetu walinyolewa na mkono wanaoujua, kisha wakakaa mkeka mmoja wakitazamana. Mimi mkeka huo niliuona mara moja tu maishani, na siku hiyo nilikataa kukaa.