Kiganja Juu ya Tangi la Mafuta

Kitu cha kwanza nilichokipenda katika boma la wakwe zangu kilikuwa sauti ya pikipiki. Nilikuwa bibi harusi wa siku tatu huko Nyansiongo, nimeketi jikoni nikichambua mboga, nisijue hata chumvi huwekwa wapi. Mara nikasikia injini ikipanda kutoka mahali wanapopeleka maziwa. Iliingia uani, ikasimama, ikabaki ikinguruma yenyewe taratibu, bila kukohoa wala kupaa. Nikajua mwenye pikipiki hii ni mtu anayejali vitu vyake. Baba yangu mzazi ni fundi wa pikipiki sokoni Marani, nami nimekulia kwenye kibanda chake nikimshikia spana na kuziendesha pikipiki alizozitengeneza. Wengine hupima boma kwa idadi ya ng'ombe. Mimi nilimpima baba mkwe kwa kabureta, na akapita.

Sikumwambia. Kwetu Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya inayomtenga mke wa mwana na baba mkwe wake. Hatupeani mikono. Yeye haingii nyumbani kwangu hata mvua ya mawe imkute mlangoni, nami simsogelei alipoketi. Tunaamkuana kwa mbali, macho yangu chini, namwita tata, yaani baba, na mambo yanaishia hapo. Tumeishi boma moja miaka tisa, na sijui kama mkononi ana kovu au hana.

Ukiwa na neno la kumwambia mzee, humwambii uso kwa uso. Unalipitisha kwa mama mkwe, au unakiambia kitu kingine kilicho karibu: kuku, mtoto, ndama. Mzee husikia, hujifanya hakusikia, na kesho yake mambo hunyooka. Mimi mdomo wangu ni mwepesi, kwa hiyo ndama wa boma letu wameambiwa mengi.

Mwaka huu, baada ya kuvuna mahindi, sauti ya ile pikipiki ilianza kuharibika. Ikiwashwa inapiga kelele kama inakimbizwa, moshi mweusi unatoka, na harufu ya petroli inafika mpaka kwenye chungu changu. Kabureta ina skrubu mbili za kutazama. Ile kubwa huamua injini izunguke kwa kasi gani pikipiki ikiwa imesimama. Ile ndogo, ya shaba, huamua petroli na hewa vichanganyike vipi. Ugonjwa ulikuwa kwenye ile ndogo, lakini mzee kila Ijumaa alikuwa akiipandisha ile kubwa tu, akiipandisha na kuipandisha. Sikuamini. Huyu ndiye aliyekuwa akiirekebisha kwa sikio tu miaka yote!

Nikamwendea ndama. "Wewe ndama," nikasema kwa sauti, mzee akiwa hatua kumi tu, "mimi ningekuwa na pikipiki, ningeiacha hiyo skrubu kubwa nikaigusa ile ndogo." Mzee hakugeuka. Ijumaa iliyofuata nikamwambia ndama tena, kwa sauti zaidi. Akaipandisha ile kubwa tena. Mara ya tatu nikaudhika kweli. Nikajiambia, ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke, tena wa Marani. Nikanuna. Wiki tano nzima nilimnunia mzee wa watu, na ninaona haya kuliandika.

Kisha ikaja Jumamosi moja, siku yetu ya Sabato, ambayo pikipiki ilizimika kwenye makutano ya barabara, wazee wangu wawili wakitoka kanisani na lori la majani chai likiteremka. Mama mkwe aliruka chini na viatu vyake vya kanisani, akamvuta mzee kwa koti. Hawakuumia. Lakini kwenye grupu ya simu, wana wao wote wanne, mume wangu akiwemo, wakakubaliana kwamba ikizima tena hata mara moja, inauzwa. Kaka yao mkubwa angekuja Jumapili kuikagua. Mama mkwe alipomfikishia mzee habari hizo, mzee aliinuka akaenda kukata majani ya ng'ombe. Tangu magoti ya mkewe yaanze kumsumbua, pikipiki ile ndiyo iliyompeleka mama kanisani kila Sabato, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumbeba.

Ijumaa ile alitoa kigoda na bisibisi mapema. Sabato huingia jua likizama, na baada ya hapo mzee hashiki bisibisi. Mimi nilikuwa kwenye kamba nikianua nguo. Nikasikia injini ikipanda, ikashuka, ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikangoja aiwashe tena. Hakuiwasha. Nikachungulia kando ya shuka. Mzee alikuwa ameinama, kichwa amekilaza upande, bado anaizungusha skrubu polepole, kidogo mbele, kidogo nyuma, akiisikiliza injini iliyokuwa imezima zamani.

Shuka likaniponyoka. Hakunidharau. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Mama mkwe alikuwa barazani akichagua maharagwe. Alinitazama tu, akajua kwamba nimejua.

"Tangu mavuno," akaninong'oneza, kisha akacheka mwenyewe, maana hapakuwa na haja ya kunong'ona. "Mimi ndiye masikio yake. Lori likija nyuma, namgonga bega la kulia. Mtu akitusalimia, la kushoto. Injini ikizima, namfinya. Siku ile nilichelewa kumfinya. Nilikuwa nashika kitambaa changu kisipeperuke."

"Mama, mbona hamkutuambia?"

"Anaona haya mbele ya watoto wake. Nenda umsaidie, jua linatuacha."

"Niende wapi, mama? Na chinsoni?"

"Kwani pikipiki haiko katikati yenu? Simama upande wa pili."

Nikaenda. Nikasimama upande wa pili, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Nilimwonyesha bomba la moshi, nikatikisa kichwa. Akanyoosha mkono, akauweka nyuma ya bomba, akakuta hakuna pumzi inayotoka. Niliuona uso wake ulipoelewa. Sitaki kuuona uso ule tena.

Angeweza kuinuka akaenda zake, nami ningemwelewa. Lakini alibaki, bisibisi mkononi, akinitazama. Nikamwonyesha kwa ishara: ile ndogo, ifunge yote, usiikaze. Akafunga. Sasa fungua, mzunguko mmoja na nusu. Akafungua. Nikapiga kiki, injini ikashika. Nikaweka kiganja changu juu ya tangi, nikamtazama machoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka tisa. Akakifuta kiganja chake kwenye suruali, akakiweka upande wake wa tangi lile lile.

Nitasema ukweli, vidole viliniwasha. Ningeimaliza kazi ile kwa dakika mbili. Lakini haikuwa yangu. Alirudisha ile ndogo nyuma kidogo, tangi likaanza kurusharusha. Akaipeleka mbele, likatulia. Akafumba macho. Akaipeleka mbele tena, nyuma tena, mpaka akapata mahali ambapo mtetemo ulikuwa mmoja tu, mwembamba, usiokatika. Akatikisa kichwa kukubali kabla sijamwashiria lolote. Kisha akaigeukia ile kubwa na kuishusha, nami nikainua mkono wangu uliokuwa huru ili ajue sauti bado iko juu. Kelele ilipoisha na kubaki ule mngurumo wa zamani, nikaukunja mkono. Akaacha hapo hapo.

Tukasimama tukiitazama. Ghafla akaniuliza, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa ndama wala kwa mtu:

"Mwanangu, inasikikaje?"

Sikuwahi kusikia mke wa mwana akimpigia baba mkwe kelele katika boma lile, na sijui majirani walifikiri nini. Nilivuta pumzi nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu: "Inasikika kama nilipoolewa, tata! Niliipenda siku ile! Niliipenda nikakupenda na wewe!"

Barazani maharagwe yalimwagika. Mzee alikuwa ameutazama mdomo wangu mpaka neno la mwisho. Kisha akaizima injini, akachomoa ufunguo, akauweka juu ya kigoda, na kukisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikafika upande wangu.

"Kesho umbebe mama yako," akasema. "Mimi nitatembea. Kaka yako akija Jumapili, mwambie pikipiki ina mtu." Akaingia ndani kuoga kabla ya Sabato. Mimi nilikaa juu ya shuka safi nililokuwa nimeliangusha, nikalia.

Asubuhi mzee alitangulia mapema, koti lake limepigwa pasi, Biblia kwapani. Baada ya nusu saa nikampakia mama mkwe. Hatujafika hata kwenye daraja, akanigonga bega la kulia. Nikatazama kwenye kioo: lori la maziwa, ambalo nilikuwa nimelisikia kitambo. Akanigonga la kushoto, tukawasalimia jirani zetu wa ng'ambo. Njia nzima alinigonga hivyo, nami sikumwambia kwamba ninasikia.

Tulimfikia mzee kwenye kona yenye mikaratusi. Alikuwa akitembea ukingoni kabisa mwa barabara, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Alipotuona akasimama. Sikujua adabu inataka nini, nimpite au nisimame, maana kumbeba siwezi, na mama mkwe hakunigonga bega lolote. Nikasimama. Nikatoa gia, nikaiacha injini ikinguruma yenyewe.

Mzee akasogea, akaweka kiganja chake juu ya tangi, akakiacha hapo kidogo, kisha akatupungia tuende, tusije tukachelewa.