Mwaka wa Adabu Nyingi

Kila mwaka, uwele ukishavunwa na mabua yakabaki yamesimama mashambani, Takko Ka aliingia kijiji cha Mbinngor na kibuyu cha maziwa kichwani, na kabla hajafika ua wa kwanza alikuwa ameshatukanwa.

"Jamani, ficheni vyungu! Wafulani hao, na njaa yao!"

"Nyamazeni, watumwa wangu," Takko alijibu kwa Kiserer chake kilichopinda. "Nani amewaruhusu kusema kabla bibi yenu hajatua mzigo?"

Watu wakacheka, yeye akacheka, na mwaka ukawa umefunguliwa. Waserer na Wafulani ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hasalimiwi kwa adabu. Adabu ni ya watu baki. Kwa miaka ishirini na miwili Takko aliifuata njia ile, siku tisa kwa miguu kutoka malisho ya kaskazini, nyuma ya ng'ombe wa mumewe Yero na wa shemeji yake Hamadi. Ng'ombe walikula mabua ya Waserer, wakalala katika mashamba yao na kuyaachia samadi, na msimu wa mvua ulipokaribia kila mtu alirudi kwao ameshiba.

Mwaka wa kwanza hakujua hata neno la maji. Alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, hina bado haijafutika kuchani. Aliingia ua mmoja akamkuta mwanamke wa rika lake anatwanga, akamwonyesha maziwa kwa kidole, kisha akaonyesha mdomo wake mwenyewe, kwamba nifundishe, nisemeje nikifika mlangoni? Yule mwanamke, Tening, aliuegemeza mchi begani akafikiri kidogo, halafu akamfundisha maneno mawili, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto. Takko akayashika. Siku nzima alipita mlango kwa mlango akiyatangaza kwa sauti tamu, na kila mlango watu walikufa kwa kicheko na kununua maziwa. Jioni msichana mmoja akamhurumia, akaweka mikono kichwani kama masikio marefu na kulia mlio wa punda. Kutwa nzima Takko alikuwa akibisha hodi kwa kusema, "Mimi punda."

Kesho yake alimpimia Tening maziwa nusu, maji nusu. Tening akaonja, akamtazama, akaonja tena. Wakawa marafiki.

Tangu hapo alijifunza kwa kuaibika. Hesabu alijifunza kwenye vipimo vya uwele, majina ya viungo vya mwili kwa kuwakanda watoto wa Tening mafuta, matusi kisimani. Asubuhi moja alitaka kumuuliza mzee Biram kama amelala salama, ulimi ukateleza, akamuuliza kama amezaa salama. Kuanzia siku ile kijiji kizima kilimwamkia mzee Biram hivyo, naye alishika kiuno na kujibu, "Pacha! Nimechoka mwenzenu!"

Wakwe zake walipomuuliza amewezaje lugha ya watu, aliwaambia, "Usiingie kwa mlango wa heshima, utasimama kizingitini mpaka uzeeke. Ingia mjinga, wakucheke. Mtu hakusahihishi ila kama anataka ukae."

Kisha ukaja mwaka ambao alipoingia Mbinngor, hakuna aliyepiga kelele.

Upepo wa jangwani ulikuwa umeanza, jua limevaa vumbi, mbwa wamejikunyata kivulini. Alisimama ua wa kwanza akisubiri tusi lake. Mwenye nyumba alitoka akifuta mikono.

"Karibu, mama. Habari za safari?"

"Safari? Nimekuja kuwahesabu watumwa wangu. Mmebaki wangapi?"

"Tupo, mama. Tunamshukuru Mungu." Akanunua kata mbili za maziwa, akashukuru, akarudi ndani.

Ua wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Maziwa yaliisha mapema kuliko mwaka wowote, kwa kuwa hakukuwa na porojo za kuyachelewesha. Alimkuta mzee Biram barazani, moyo ukamchangamka.

"Babu! Umezaa salama?"

Mzee alimtazama kitambo. Macho yalimlegea, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji. "Salama, binti yangu," alisema. "Na nyinyi huko mmeamka salama?" Akachukua fimbo yake akaingia ndani, na mlango ukarudishwa taratibu.

Akaanza kukosea makusudi. Kwenye ua wa Tening alizungumza Kiserer kibovu kama cha siku ile ya kwanza, akayapindua maneno kichwa chini miguu juu, akimtupia mwenzake kosa baada ya kosa. Watoto wa jirani waliokuwa wakicheza pale, wale waliozoea kumrukia kwa masahihisho, walifungua midomo. Mama yao akaita kutoka jikoni, na midomo ikafungwa.

Tening alipokea maziwa kwa mikono miwili.

"Asante, mama," alisema.

Mama! Miaka ishirini na miwili alikuwa akimwita Punda.

Kambini, Yero alikuwa akimkamulia ndama aliyefiwa. Takko alimweleza yote, naye hakuinua kichwa.

"Sasa wanakuheshimu, unalalamika?"

"Baba Penda, hawa watu hawajawahi kuniheshimu."

"Basi wamejifunza."

Hamadi, aliyekuwa akisuka kamba kando yao, alicheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, una mke wa ajabu. Wengine wanalia wametukanwa, wako analia hakutukanwa. Njoo hapa, shemeji, nikutukane mimi, upone."

"Nitukane, shemeji. Lakini niambie jambo moja. Leo siku ya tatu. Nani amekuja kuomba ng'ombe walale shambani kwake?"

Kamba ilisimama mikononi mwa Hamadi. Miaka mingine wakulima walikaribia kupigana kwa ajili ya samadi ile. Mmoja alileta kuku, mwingine tumbaku, kila mmoja akitaka kundi lilale kwake kwanza. Mwaka ule ng'ombe walilala kichakani, nje ya mashamba, kama ng'ombe wa wezi.

"Watakuja," Hamadi alisema. "Wana shughuli zao."

Takko alilala macho wazi. Wanaume wale hawakujua Kiserer zaidi ya salamu, na salamu walizipata kwa wingi. Wangejuaje kwamba kuna kitu kimekatika?

Siku ya nne alikwenda kwa Tening mchana, saa ambayo si ya maziwa. Alibeba kibakuli cha maziwa yaliyoganda, ya Latyr. Latyr alikuwa kitinda mimba wa kwao Tening, kijana mwenye mabega mapana na haya za kike, na Takko alimwita mume wangu mdogo tangu akiwa hajaota meno ya mbele. Kila mwaka alidai mahari yake: bakuli moja la mgando lisiloguswa na mtu mwingine.

Uani hakumkuta Tening. Alimkuta mama yao, amekaa juu ya mkeka na kitambaa cheupe kichwani, miguu imenyooka mbele, mikono imelala mapajani, viganja juu.

"Mama, Latyr yuko wapi? Mwambie mke wake mkubwa amekuja, asijifiche."

Bibi alitazama bakuli, siyo uso wake.

"Latyr tulimzika wakati wa mavuno."

Takko alikaa chini. Aliliweka bakuli mchangani.

Bibi alisema bila kupandisha sauti. Kundi la ng'ombe lilipita kutoka mashariki uwele ukiwa haujakatwa. Liliingia shambani alfajiri, Latyr akatoka na fimbo kulifukuza, na mmoja wa wachungaji alikuwa na panga. Kufikia adhuhuri alikuwa amekwisha.

"Wachungaji gani, mama? Wa wapi hao?"

"Wachungaji," alisema bibi.

Alilisema vivyo hivyo, hakuongeza kitu. Hakusema wale, wala wa mashariki, wala siyo nyinyi.

Tening alitokea mlangoni na ndoo ya maji. Alipomwona alisimama. Kilemba kilikuwa kimerudi nyuma, na kichwa chini yake kilikuwa kimenyolewa.

"Mbona hamkuniita?" Takko alisema. "Tening, mbona hamkuniita?"

Mtani huitwa msibani. Ndiye anayezuia jeneza mpaka alipwe, ndiye anayemsema marehemu mbele ya wajane hadi kilio kigeuke kicheko. Baba yao Tening alipofariki, habari iliwafikia wakiwa njiani kurudi kaskazini. Takko aligeuza, akatembea siku mbili, akajilaza ndani ya kaburi lililokwisha chimbwa. "Huyu Mserer hajafa!" alipiga kelele kutoka chini. "Anakwepa palizi! Mwamsheni!" Tening alicheka huku machozi yakimchuruzika, akamvuta mguu kumtoa. Waliosimama pale walisema mzee yule amezikwa vizuri.

"Mko mbali, mama," alisema Tening. "Hatukutaka kukusumbua."

"Mimi? Kunisumbua?"

"Mna kazi nyingi. Mungu awajaalie." Akaweka ndoo chini kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone. Macho yake yalikuwa makavu na mapole, macho ya mtu anayemsindikiza mgeni ambaye hajui jina lake. "Utakunywa maji kabla hujaondoka?"

Takko alisema hana kiu. Alipotoka aliwaona vijana sita wamekaa kwenye gogo njia panda. Walisimama wote kwa pamoja wampishe. "Mchana mwema, mama," walisema.

Alipofika kambini alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Alianza kung'oa mikeka ya nyumba yake. Alikunja wa kwanza, akaufunga, akakunja wa pili. Kwa watu wao nyumba ni ya mwanamke: huja nayo siku ya harusi, huijenga kwa mikono yake, na hakuna mwanamume anayegusa fito zake. Yero alikuja akikimbia.

"Unafanya nini?"

"Nyumba yangu inahama."

"Wiki hii hii? Malisho ya kaskazini yamekauka, mwanamke! Ng'ombe watakufa njiani."

"Wengine watakufa." Alivuta ufito wa mlangoni, paa likainama. "Latyr ameuawa na wachungaji, Baba Penda. Wamemzika, na hawakuniita kutania."

Yero hakujua Kiserer, lakini utani aliujua. Alisimama, mkono shavuni.

"Labda walisahau."

"Mtu husahau chumvi."

Hamadi alifika na wanawe wawili, watu wazima wenye ndevu. Aliposikia, alitikisa kichwa. "Si sisi tuliomuua. Wanajua si sisi. Tangu lini mimi nikapangiwa safari na kibuyu cha maziwa?"

"Shemeji, nakuomba. Kwa jina la mama yenu."

"Mama yetu angecheka. Yero, nani mwenye ng'ombe hapa, wewe au huyu?"

Yero aliwatazama ng'ombe, mbavu zao zikianza kujaa. Akatazama mahali nyumba ilipokuwa imesimama. Palikuwa na duara la mchanga laini na jiko la mawe matatu, na Takko alikuwa akimfunga punda fito za mwisho. Mwanamume atalala wapi? Alipiga mluzi, na ng'ombe wake wakainua vichwa.

"Kaka, njoo nasi," alisema.

"Nendeni. Mabua yote yamekuwa yangu." Hamadi alicheka, lakini hakuwatazama wakiondoka.

Ng'ombe watatu walianguka siku mbili za kwanza, na Yero aliwachinja kimya bila kumtupia mkewe hata jicho. Takko alitembea nyuma kabisa, akigeuka kila mara. Kundi likitembea huonekana kutoka mbali: vumbi lake ni zito na pana, linapanda na kukaa. Alilitafuta vumbi hilo upande wa kusini asubuhi, na mchana, na tena jioni. Anga ilikuwa tupu.

Siku ya tatu, wakiwa kwenye dimbwi la mwisho, aliliona vumbi. Lilikuwa jembamba kama moshi wa jiko moja.

"Wanakuja," Yero alisema, akasimama ametabasamu kwa mara ya kwanza.

Takko alitazama upana wake. "Ni watu," alisema. "Watu watatu."

Hamadi alifika mbele ya wanawe, bila kiatu kimoja. Alikaa kando ya dimbwi akaweka mikono majini na kuiacha humo. Yero alimuuliza ng'ombe wako wapi, akamuuliza tena. Mwana mkubwa aligeuza uso.

"Hawakutupiga," Hamadi alisema. "Hata fimbo hawakushika. Walikuja asubuhi kambini, wale vijana, wakaniamkia mmoja mmoja, wakaniuliza habari za watoto." Alimgeukia Takko, maana yeye peke yake ndiye ambaye angeelewa. "Siku zote kisimani sisi hunywesha mwisho, shemeji. Unajua. Ng'ombe wao, mbuzi wao, punda wao, halafu sisi. Juzi tulikuta hori limeshajazwa maji. Wamesimama pembeni na ng'ombe wao, wamewazuia. Wakasema, leo wageni kwanza."

Ndama wa Yero aliingia dimbwini akaanza kunywa, na Hamadi alishtuka akamsukuma kwa mikono yote miwili, halafu akakumbuka walipo, akamwachia.

"Arobaini na saba," alisema. "Jua halijafika utosini, wote wamekufa. Na mimi niliwaambia asante. Niliwashika mikono, shemeji, mmoja mmoja, nikawaambia asante."